Kijiko Kimoja cha Hamira

Kosa langu la kwanza katika kupika bia, mwanangu, lilikuwa ubahili wa hamira. Nakumbuka siku lilipojulikana: nimesimama mbele ya watu niliotaka wawe wakwe zangu, mtungi miguuni, jasho mgongoni, ingawa huku juu Uluguru asubuhi ile watu walijifunga shuka mbili.

Ulikuwa wakati wa Wajerumani. Nilipasua kuni misheni, na Bruda mmoja mzee, mtawa wa pale, alipika laga, bia inayochachuka polepole kwenye baridi. Hakunifundisha. Nilichungulia tu, nikirudia moyoni kila alichofanya, maana nilikuwa kijana wa kuogopa kukosea hata kufunga mbuzi kamba.

Nilimtaka Felista. Mjomba wake, mzee Kobero, ambaye kwa desturi yetu Waluguru ndiye mwenye neno, alisema, "Pombe ya mtama nimeinywa tangu sina meno. Wewe wa misheni, niletee ya Wajerumani. Ikinishinda kuiacha, tutazungumza."

Bruda akanipa kimea cha shayiri na kopo la hamira, ule utope unaobaki chini ya pipa. Nikapika mtungi mmoja. Kisha woga ukanishika: hamira ikizidi, si bia itanuka? Nikatia kijiko kimoja, nikajifariji kwamba haba na haba hujaza kibaba. Mtungi nikauweka kwenye maji ya kijito, na kila siku nikaufunua mara tatu. Povu lilikuja siku ya tano, jembamba, na harufu haikuwa ile ya misheni.

Kobero akaonja. Akaitazama kata, akanitazama mimi.

"Kijana, umekuja kuposa au kutuachisha pombe?"

Walicheka mpaka kuku wakakimbia. Bibi yake Felista, mpishi wa pombe wa kijiji kizima, hakucheka. Aliniita pembeni.

"Ulitia hamira kiasi gani?"

"Kijiko, bibi. Niliogopa kuzidisha. Haba na haba..."

"Hujaza kibaba, mjukuu wangu, kama kibaba hakijaoza. Mtungi wangu hulala karibu na jiko, hamira kidogo yatosha. Wako umeulaza majini. Kazi ya baridi huitiwa watu wengi. Na kila ukifunua, unaukaribishia uchachu."

Akaniombea kwa Kobero. "Mara moja tu," mzee akasema. "Ukirudi na siki, kaposee bonde jingine."

Bruda akanipa tena kimea na hamira, na safari hii, kwa mtungi uleule, nilitia kikombe kizima. Nikafunika kwa jani la mgomba, nikaurudisha kijitoni, na bibi, aliyekwisha kunijua, akanipa jembe nikapalilie maharage yake. Siku ya pili povu liliinua jani. Nikaiacha bia mwezi mzima.

Kobero alimaliza kata ya kwanza. Akachota ya pili. Kwenye ya tatu akauliza, "Hivi, mahari tulishaitaja?"

Basi, mwanangu, shika hili. Mtungi ukiwa mdogo, usiudharau kwa kijiko. Baridi ikizidi, ongeza hamira. Pima mara moja, tia ya kutosha, kisha uiache ifanye kazi yake. Na aliyekutangulia jikoni muulize kabla hujaharibu.

Mungu akujalie mkono usiobana na moyo wa kungoja. Zamani nilifunua mtungi mara tatu kwa siku. Sasa natia kikombe kizima, nafunika, naenda kupalilia maharage.