Siku Nyumba ya Mama Ilipofika kwa Lori

Lililililiii... halafu kimya. Hivyo ndivyo kilivyokatika kigelegele cha Mama Nesta, katikati, kama redio iliyoishiwa betri, na mpaka leo kikinijia masikioni nafunika uso kwa kanga hata kama niko peke yangu. Maana Mama Nesta ndiye bingwa wa vigelegele Maposeni nzima, hata siku aliyong'atwa na nyuki kwenye kipaimara cha mwanawe alikimaliza kigelegele chake kwanza, ndipo akalia. Kwangu akakatiza. Ngojeni niwaambie kwa nini, na mcheke tu, aibu yenyewe mimi nimeshaizoea.

Naitwa Skola. Shule yangu ni darasa la saba na kidogo (hicho kidogo ni ushonaji, nikatoboa vidole zaidi ya vitambaa), na kazi yangu ni uwakala wa kutuma na kutoa pesa, Songea mjini, karibu na stendi. Nina kibanda cha bati, na hicho kibanda mkikumbuke, maana ndicho kilichoniponza. Siku nilipokinunua kililetwa juu ya pikapu kikiwa kizima, vijana wakakishusha, wakakitua chini, nikafungua dirisha, na kabla chai yangu haijapoa tayari nilikuwa na mteja. Sasa mtu aliyeona jambo kama hilo kwa macho yake, mlitegemea awaze nini kuhusu nyumba?

Ndoto yangu kubwa ilikuwa nyumba ya mama. Mama anakaa Maposeni, na wakati huo alikuwa kwenye nyumba ya tofali mbichi aliyoiacha marehemu baba, ambayo mvua ikinyesha anahamisha kitanda huku na huku kama anacheza ngoma na kitanda chenyewe. Basi nikaona kwenye simu nyumba za kuunganisha, zile ambazo kuta zinatengenezwa kiwandani vipande vipande, na milango yake na madirisha yake, zinapakiwa kwenye lori, mafundi wanakuja kukufungia kwa nati. Kwenye video asubuhi uwanja mtupu, jioni mama mmoja anakunywa chai barazani. Siku moja! Nikampigia muuzaji wa Dar, akanitajia bei ya chumba na sebule, "mpaka ufunguo mkononi", nikajumlisha akiba yangu na nguruwe wa mama, nikaona inatosha na chenji inabaki, nikaruka mpaka nikagonga kichwa kwenye bati.

Na kaka wa watu hakunificha kitu, naomba hilo lijulikane. Alianza kunieleza vizuri kabisa vitu ambavyo havimo kwenye ile bei. Ila wakati huohuo mteja alikuwa dirishani anatoa laki mbili, mimi nahesabu noti, simu nimeibana kwa bega, kila kaka akisema kitu najibu "ndiyo kaka", "sawa kaka", "hakuna shida kaka". Laki mbili ya mteja ilitimia, haikupungua hata senti. Ya kaka yalipita juu kwa juu kama ndege wa kwenye mtama.

Hapo bado ningepona. Kilichoniangusha ni mkono wangu. Kwenye sala za jumuiya kule Maposeni, wakati wa matangazo, mkono ulinyanyuka wenyewe, nikasimama nikasema, "Tumsifu Yesu Kristo. Jumamosi ijayo wote mnakaribishwa kwenye baraka ya nyumba mpya ya mama."

Katekista wetu, Mzee Komba, akavua miwani. "Nyumba ipi, mwanangu?"

"Inakuja, mzee."

"Inakuja na nani?"

"Na lori."

Watu wakapiga makofi. Na mtu akishapigiwa makofi hasikii tena. Nikanunua mapazia ya zambarau yenye maua. Nikanunua mkeka wa plastiki wa sebuleni, soda, mchele, na nguruwe wa mwisho tukasema huyo atakuwa wa wageni. Bajeti yangu ilikuwa na kila kitu, jamani, ilikuwa mpaka na kitambaa cha kufunika redio ambayo hatuna. Halafu Ijumaa (hapa ndipo nafunika uso) vijana wakaibomoa ile nyumba ya baba, maana mpya ingetua wapi? Mama alisimama pembeni amekumbatia godoro.

"Skola, una hakika lakini?"

"Mama, kesho saa hizi unakunywa chai barazani kwako."

Jumamosi lori likaja. Wanakwaya wakaanza, ngoma zikalia, watoto wakakimbia nyuma ya vumbi, Mama Nesta akavuta pumzi akaachia kile kigelegele. Fundi mkuu akaruka chini, kijana wa Pwani mcheshi anaitwa Hamisi, akanipa mkono. "Hongera sana dada yangu. Mashallah, watu wote hawa! Haya, msingi uko wapi?"

"Huu hapa," nikasema kwa madaha. Nilikuwa nimefagia, nimemwagia maji vumbi litulie, nimechora mistari ya majivu mahali pa kuta.

Hamisi akaangalia chini, akaniangalia mimi, akaangalia chini tena. "Dada, hapa ni chini."

"Ndiyo kaka. Itueni hapohapo chini."

Hapo ndipo kigelegele kilipofia.

"Dada yangu," Hamisi akasema taratibu, kama anaongea na mgonjwa, "hii ni nyumba, siyo kabati. Inakaa juu ya zege. Msingi ni wa kwako, shimo la choo la kwako, kuvuta maji na umeme kwako. Si uliambiwa?"

Niliambiwa. Yote yalirudi wakati huo, sauti ya kaka wa Dar, na mimi najibu hakuna shida. "Na ufunguo?" nikauliza (sijui hata kwa nini niliuliza).

"Ufunguo upo," akautoa mfukoni, una utepe mwekundu, akaniwekea mkononi.

Basi kicheko! Mtu wa nyuma akaita, "Skola, mapazia utatundika kwenye mgomba?" Mwingine akajibu, "Mwacheni, ana baraza kubwa mpaka Peramiho!" Mzee Komba, ambaye padre alimtuma na maji ya baraka, akawa anageuka na ndoo yake. "Mimi nimeambiwa nibariki nyumba. Sasa nibariki nini, majani?"

"Ipo humu kwenye lori, mzee wangu," Hamisi akasema. "Nyunyiza tu, na gari lipate. Baraka haina hasara." Na Mzee Komba akabariki lori, matairi mpaka kioo, na kwaya ikaimba, na mimi katikati nimeshika ufunguo.

Halafu mama, aliyekaa juu ya godoro lake pale palipokuwa mlango wa zamani, akauliza kwa sauti ndogo tu, "Na mimi leo nalala wapi?"

Hakuna aliyecheka. Nilitamani ardhi inimeze, lakini nilikuwa nimeifagia vizuri mno, haikuwa na hata ufa. Nikapiga magoti mbele yake, machozi yananitoka. Mama akanifuta kwa kanga yake, akavuta kamasi, akasema, "Haya, nguruwe ameiva lakini?"

Tukala. Mafundi wakashusha kuta, wakazifunika turubai, lori likaondoka. Mama alilala kwa Mama Nesta usiku mmoja, asubuhi akakataa, akasema hahami kiwanjani kwake. Basi ikabidi niite pikapu ileile ya zamani, kibanda changu kikapakiwa mjini, kikashushwa Maposeni, kikatua katikati ya mistari yangu ya majivu, na kabla chai haijapoa mama alikuwa na nyumba. Analala amekunja miguu. Asubuhi anafungua dirisha la huduma, wapita njia wanamwita, "Shikamoo mama, naomba kutoa elfu kumi!" na yeye anajibu, "Marahaba, toa tu, mimi nipo napokea!"

Mimi mjini nafanya kazi chini ya mwavuli. Mapazia nimemuuzia bibi harusi, yakawa simenti. Jumuiya wamekuja na mawe, kila mtu na utani wake, na mawe yao mazuri, na Hamisi ameniahidi mafundi wake watapita zege likishakauka. Na siku hizi mtu akinitajia bei, hata ya dagaa, naweka chini kila nilichoshika, namuuliza: na nini hakimo? Wateja wasubiri.

Jana zege lilimwagwa. Watu walipoondoka na mama akaenda kuteka maji, nilikwenda kwenye rundo la kuta zilizofunikwa turubai. Ule ukuta wenye mlango umeegemezwa kwenye mparachichi. Nikatazama huku na huku. Nikapiga hodi. Nikauvua ufunguo shingoni, nikafungua, nikakung'uta miguu yangu vizuri, kwanza mmoja, halafu mwingine, nikaingia nusu hatua, maana nusu iliyobaki ilikuwa shina la mparachichi.