Mahamri ya Mtawa

Mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili, shangazi yangu alitoka Mombasa kututembelea Birmingham, nami nikampeleka Edgbaston kuona pagoda ya dhahabu ya Mabudha. Yeye haendi kwa watu mikono mitupu, basi alibeba hotipoti ya mahamri, na mimi nikanung'unika njia nzima kwa sababu gari langu lilinuka iliki. Mlangoni tulivua viatu.

"Hawa wana adabu," akasema, akinitazama kana kwamba mimi sina.

Mtawa aliipokea hotipoti kwa mikono miwili, akashukuru, akaiweka kando. Nikamfasiria Shangazi kwamba watawa hawali chochote baada ya adhuhuri.

"Kumbe amefunga!" Akaketi. "Tutangoja magharibi tufuturu naye."

Ilikuwa Juni, na jua la Birmingham halina haraka ya kuzama. Nikamwambia, kwa ukali kidogo, kwamba hata magharibi mtawa hali, mpaka alfajiri. Akafikiri, akaichukua hotipoti yake, maana kumpa mtu kiporo ni aibu, tukarudi nyumbani. Nikadhani yamekwisha.

Alfajiri alinitikisa bega. Nyumba nzima ilinuka iliki.

"Amka, mwanangu. Daku la mtawa litapoa."