Kathuri Anatafuta Kadi ya Picha

Kabla ya kukatwa mguu, Kathuri alikuwa dereva wa lori. Alibeba ndengu na maembe kutoka Ishiara hadi Nairobi, na hakuna kona ya barabara ile ambayo hakuijua. Mwaka wa tisini na sita breki zilimkatalia kwenye mteremko wa kuingia sokoni. Aliona akina mama wamekaa na vikapu vyao pale chini, akapinda usukani, akalipeleka lori kwenye ukuta wa mawe. Hakuna mama aliyeumia. Yeye aliamka hospitalini mguu wa kulia ukiwa umekwenda, kuanzia chini ya goti.

Mwenye lori, Bwana Rwamba, alikuja kumwona mara moja tu. Alileta mkate na soda, akasimama karibu na kitanda akiwa ameshika kofia.

"Ni ajali, Kathuri," alisema. "Ni mambo ya Mungu."

Juma zima kabla ya hapo Kathuri alikuwa akimwambia kwamba breki zinashika chini sana. Jibu lilikuwa lile lile kila asubuhi: peleka mzigo kwanza, tutaangalia ukirudi. Pale kitandani dawa zilikuwa zimemlevya, hakuweza kujibu. Alipopata nguvu ya kujibu, Rwamba alikuwa ameshaajiri dereva mwingine.

Hasira yake haikupata pa kwenda, ikabaki nyumbani kwake, Embu mjini. Aligombana na redio, na kuku, na jirani aliyeanika nguo upande wake. Mkewe Alice, fundi wa kushona, alihamishia cherehani yake nje kwenye baraza, akashonea huko hata siku za baridi.

Kilichobadilisha mambo kilikuwa kompyuta. Dada ya Kathuri aitwaye Wanja alifanya kazi katika ofisi moja Nairobi, na ofisi ilipopata mashine mpya, yeye akapewa moja ya zile kuukuu. Akaileta Embu ili Linda, binti ya Kathuri, ajifunze kupiga chapa. Lakini ndani yake mtu wa ofisini alikuwa ameacha mchezo wa kuendesha gari. Linda alipoufungua, Kathuri alisogeza kiti. Kuongeza mwendo, kidole. Breki, kidole. Mguu haukuulizwa popote.

Kuanzia siku ile aliendesha kila Alice alipokuwa sokoni na Linda shuleni. Ila picha ilimtesa. Barabara ilikuwa vipande vipande kama matofali, miti ilichomoza ghafla kana kwamba imetupwa, na gari likifika kwenye kona, kioo chote cha kompyuta kinakwama. Kikianza tena kusonga, yeye yuko mtaroni. Anaingia mtaroni bila kosa lake! Siku moja Alice aliporudi alimkuta akipiga meza hadi vikombe vikaanguka.

"Baba Linda, si ni mchezo tu," Alice alisema.

"Sio mchezo! Nimeshika breki na haishiki!"

Alice aliokota vikombe. Jioni ile alimwambia kwamba mteja wake mmoja alisikia kuna kadi ya kutia ndani ya kompyuta, ya kufanya picha iwe safi na iende mbio. Oscar wa duka la kompyuta karibu na steji ya matatu anaziuza.

Oscar alikuwa kijana wa tai na simu ya mkononi, wakati ambapo simu hizo Embu zilikuwa za kuhesabika. Alimtolea Kathuri boksi kubwa lenye picha ya gari jekundu linaloruka.

"Hii ni moto, mzee. Hakuna ingine Embu hii. Ni ya mtoto?"

"Ni yangu."

Oscar alicheka. Kathuri akaligeuza boksi mikononi.

"Itaingia kwa mashine yangu? Ni ya zamani kidogo."

"Kadi ni kadi, mzee. Inaingia tu."

Kathuri alilipa, akaipeleka nyumbani. Haikuingia. Mdomo wa kadi ulikuwa wa umbo lingine, na ndani ya kompyuta hakukuwa na tundu lake. Kathuri alirudi dukani, Linda akimbebea mashine. Oscar aliifungua, akaweka ile kadi juu ya tundu lililokuwa karibu, akaibonyeza. Akaibonyeza tena kwa viganja viwili, kama mtu anayefunga sanduku lililojaa kupita kiasi. Wote wakasikia kitu kikisema *ka!* Ukingo wa tundu ulikuwa umepasuka.

"Shida ni mashine yako," Oscar alisema. "Imezeeka sana. Kadi haina makosa, na sirudishi pesa."

"Nilikuuliza," Kathuri alisema. Sauti yake ilianza chini. "Nilisimama hapa kwa mguu mmoja nikakuuliza kama itaingia. Ulisema nini?"

"Mzee, usiniletee kelele kwa duka. Mtu mzima anasumbuka na game..."

Gongo la Kathuri lilitua juu ya kaunta, kalamu zikaruka. Wateja walirudi nyuma. Yeye hakumgusa Oscar. Aliondoka kwenye kaunta, akaketi chini kwenye kizingiti, akalaza magongo yake mawili kukata mlango. Kila aliyetaka kuingia aliambiwa kwa sauti ya kusikika steji nzima: "Huyu ukimuuliza anakudanganya! Akiharibu anasema ni wewe!" Oscar alipiga simu, akabembeleza, akatisha kuita askari. Alasiri, baada ya wateja wengi kugeuka na kwenda zao, alimrudishia pesa zote bila kumtazama usoni.

Ule ushindi haukumpoza. Usiku hakulala, mchana hakula vizuri. Linda ndiye aliyeleta habari kwamba Meru mjini kuna mfanyabiashara aitwaye Younis Hirsi, anayeruhusu mtu kujaribu kitu kabla hajanunua. Ilibidi kompyuta yote ipelekwe, pamoja na kioo chake kizito. Alice, bila kumwambia mumewe, aliomba lifti kwa mtu aliyekwenda Meru kila Alhamisi na pikapu yake. Mtu huyo alikuwa Rwamba.

Kathuri alipomwona alitaka kurudi ndani. Lakini mashine ilikuwa imeshafungwa nyuma kwa kamba na blanketi, na Alice alimtazama kwa macho ya kuomba. Akapanda, Alice akabaki mlangoni.

Walipita Runyenjes. Walipoanza kuteremka kuelekea mto Thuci, Rwamba akacheka peke yake.

"Kwa hivyo sasa unanunua gari la televisheni. Afadhali hilo. Hilo hutaligongesha."

"Simamisha gari."

"Ah, Kathuri, ni utani..."

"Simamisha!"

Rwamba alisimama kando ya barabara. Kathuri hakushuka mara moja. Alimgeukia, na maneno yakatoka kama maji yaliyovunja ukuta.

"Nilikwambia Jumatatu. Nikakwambia Jumanne. Nilikwambia mbele ya tanboi wako akipakia mzigo, breki zinashika chini. Ukasema peleka mzigo. Mungu hakusema peleka mzigo, Rwamba! Ni wewe! Halafu unaniletea mkate. Mguu wangu unaulipia kwa mkate na soda!"

Rwamba alishika usukani kwa mikono miwili. Kathuri alishuka, akafungua kamba mwenyewe akiegemea pikapu, akateremsha kompyuta na kioo, akaviweka juu ya nyasi. Pikapu ikaondoka.

Alikaa pale juani kando ya kompyuta yake. Baadaye lori la mbao likapunguza mwendo, likasimama. Dereva wake, Kirimi, alikuwa amepanga foleni naye sokoni Nairobi kwa miaka mingi. Aliangalia magongo, akaangalia kompyuta kwenye nyasi, akakwaruza kichwa.

"Kathuri, unahama?"

"Naenda Meru kutafuta kadi."

"Panda," Kirimi alisema.

Younis alikuwa mtu mpole mwenye kofia nyeupe. Alifungua mashine, akaangalia tundu lililovunjika, akaguna. "Nani amefanya hivi? Haya, matundu mengine ni mazima. Nina kadi mbili zinazoingia hapa. Kaa uendeshe."

Ya kwanza ilikuwa na picha kali ajabu. Kathuri aliona mistari ya lami na majani ya miti. Lakini kwenye kona, kioo kikakwama. Akaondoa mikono haraka kama mtu aliyeungua, Younis akabadilisha kadi.

Ya pili haikuwa kali hivyo. Miti ilikuwa na ukungu kidogo. Kona ya kwanza ikaja, akabonyeza breki, gari likapunguza mwendo papo hapo. Kona ya pili vile vile. Aliendesha mzunguko mzima.

"Lakini ile nyingine ndiyo picha safi, mzee," Younis alimkumbusha. "Watu wengi huchagua ile."

"Nataka hii. Hii inasikia breki."

Rwamba hakuwahi kuomba msamaha. Alice aliulizwa kanisani kwa nini mumewe hana shukrani kwa mtu aliyempa lifti. Akajibu waende wamuulize Rwamba. Cherehani akairudisha ndani. Si kwamba hasira iliisha. Mwaka uliofuata mvua zilikosekana, mabwawa ya kuzalisha umeme yakapungua maji, stima ikawa inakatwa kwa zamu, mara nyingi mchana, Kathuri akiwa katikati ya mzunguko.

"Wezi!" sauti yake ilisikika hadi barabarani. "Nilikuwa naongoza!"

Majirani walicheka. Alice alitunga uzi kwenye sindano, akaendelea kukanyaga cherehani yake, ambayo haikuhitaji stima.