Perege Wasiozinduka

Juzi mwanangu alirudi kutoka mtoni anacheka, amebeba perege wafu kwenye kanga yangu. Nilimpokonya. Harufu ile ya mkonge uliooza naijua.

Nilikuwa na umri wake tulipokuta mto wetu wa Ndungu umejaa samaki wanaoelea, matumbo juu. Tulishangilia. Tulizoea kuvua kwa utupa, majani yanayopondwa na kutiwa majini ili samaki walewe. Wakubwa huokotwa, wadogo huzinduka.

"Nani katia utupa bila kutuita? Wachoyo hawa!" shangazi alifoka, huku akijaza kikapu.

Nikawarudisha wadogo majini, nikaketi kuwangoja. Maji yalikuwa na povu la kijani, vyura kimya, na mashine ya mkonge ya shamba la Mzungu ilinguruma huko juu mtoni.

"Twende, we mtoto!"

"Bado wamelala, shangazi."

Alichutama, akamgusa mmoja kwa kidole, kisha akamwaga kikapu chote.

Shuleni ndiko nilikoelewa kwamba uchafu wa mkonge unaomwagwa mtoni ukioza huwanyang'anya samaki hewa. Mzungu mwenye shamba anajua pia. Ana kisima chake. Sisi hatuna. Jioni ya siku ile shangazi aliteka maji pale pale mtoni, na leo asubuhi nimeteka mimi.