Kinyozi wa Saiprasi

Watu wa Malaba walimwita Opolot Kinyozi, ingawa hakuwahi kunyoa kichwa cha mtu. Alinyoa miti. Kwa miaka kumi na minane alitunza bustani za nyumba za wafanyakazi wa reli pale stesheni, na huko ndiko alikojifunza kushika mkasi mkubwa wa mikono miwili. Alipostaafu alirudi kwake, nyumba ya mabati karibu na barabara ya mpakani, akabaki na mti mmoja tu wa kunyoa. Ulikuwa mti wa saiprasi alioupanda mbele ya dirisha mwaka aliozaliwa binti yake wa pekee, Mildred.

Mimi nilikuwa jirani yake. Kilichotutenganisha ni ua wa minyaa, na ua huo ulikuwa na pengo tulilopitia kuombana chumvi na moto. Waliniita Mama Kizito.

Mti ule ulikuwa mzuri, lazima niseme. Chini mpana, juu umechongoka, majani yameshikamana hata kuku hapenyi. Mara mbili kwa mwaka, kabla ya mvua ya Machi na tena Agosti, Opolot alipanda ngazi akakata ncha tu, kidogo kidogo. Kila baada ya muda alishuka, akarudi nyuma, akautazama kwa jicho moja. Mkewe Roselida alikuwa akimcheka.

"Mimi hujawahi kuniangalia hivyo," alimwambia.

Mildred aliolewa Tororo, ng'ambo ya mpaka, safari isiyofika saa moja kwa basi. Mwanzoni alikuja kila mwezi na samaki wake wa kukaushwa. Baadaye mambo ya Uganda yakaharibika, akawa anakuja mara moja moja, na akija anaongea kwa sauti ya chini hata akiwa jikoni kwa mama yake. Mwisho wa mwaka wa 1978 vita vilianza kule, barua zikakatika. Krismasi ile hakuja.

Na Roselida alikuwa ameanza kuumwa. Uvimbe tumboni, mwili ukikonda huku tumbo likijaa. Hospitalini walikaa naye wiki tatu, kisha daktari akamwita Opolot kando akamwambia amrudishe nyumbani, ampe chochote atakachotamani kula. Alirudi amebebwa. Kwa kuwa kila akisogezwa aliumia sana, tulimlaza sebuleni, kitanda kikielekea dirishani, na hakuhamishwa tena. Mimi ndiye niliyekuwa nikimwosha asubuhi.

Siku ya nne au ya tano, nikimpaka mafuta miguu, alimwita mumewe.

"Baba Mildred, huu mti umeniziba. Siioni barabara."

"Unataka kuona nini barabarani?"

"Watu wanaotoka ng'ambo. Huenda akaja."

Opolot alichukua mkasi akazunguka mti mzima akikata ncha, kama kawaida yake. Roselida akasema bado. Kesho yake Opolot akainua kitanda kwa matofali mawili kila mguu. Bado.

Jioni hiyo alikuja penye pengo la ua, nikiwa napepeta wimbi.

"Mama Kizito, saiprasi si mkaratusi. Mkaratusi ukiukata unachipua. Huu una majani nje tu, ndani ni vijiti vikavu. Ukipita pale penye kijani ukaingia ndani, hapo hapaoti tena. Niliwakataza wazungu wa reli wasiguse huko ndani, na walinisikia."

"Basi usikate, mzee. Mwambie tu."

"Nikimwambia atanyamaza. Unamjua. Atanyamaza na hataniomba kitu kingine."

Asubuhi alitoka na msumeno. Alianza matawi ya katikati, upande wa barabara, akikata hadi kwenye shina. Hakupanda ngazi akashuka kutazama kama zamani. Alikata tu. Harufu ya utomvu ilijaa nyumba nzima, na kila tawi lilipoanguka alimuuliza mkewe kupitia dirisha.

"Sasa?"

"Naona paa la duka la Mbarak."

Akakata tena.

"Sasa?"

"Naona mtu. Miguu yake tu."

Akakata matatu zaidi, na la mwisho lilikuwa nene kama paja.

"Inatosha," Roselida alisema. "Inatosha, Baba Mildred. Naona barabara yote mpaka kwenye kona."

Nilitoka nje nikautazama mti. Nusu moja ilikuwa ile ile, imenyolewa vizuri. Nusu ya pili ilikuwa shimo, mbavu kavu za rangi ya udongo. Opolot alikuwa ameinama akikusanya matawi, na hakuinua uso wake.

Wiki zilizofuata Roselida alilala akitazama barabara. Malori yalipita, na watu kwa miguu, wengine na magodoro kichwani. Kila siku alimwona Mildred.

"Yule wa kitambaa cha njano. Ni mwendo wake. Nenda umwangalie."

Opolot alikwenda. Alivaa viatu, akakimbia jinsi mzee anavyokimbia, akamfikia mwanamke, akamwamkia, akarudi. "Si yeye." Kesho wa kitambaa cheupe, kesho kutwa wa kikapu. Aliona yeye mwenyewe tokea dirishani kwamba si mtoto wake, lakini alikwenda. Siku moja nilimkuta amesimama barabarani peke yake, yule mwanamke wa kutazamwa ameshapita zamani.

"Rudi nyumbani, mzee," nilimwambia.

"Nirudi na jibu gani? Ni lile lile."

Roselida alifariki Alhamisi moja ya Machi, kabla ya adhuhuri, macho yake yakiwa dirishani. Opolot alikuwa ametumwa barabarani. Aliporudi alisema, "Si yeye," kabla hajaniona nikimfumba macho mkewe.

Tulimzika nyuma ya nyumba. Mvua ikanyesha, mahindi yakaota, na ule upande uliokatwa ukabaki vile vile, haukutoa hata jani moja. Mashemeji zake walimshauri auangushe mti wote apate mbao. Alikataa, lakini hakuunyoa tena. Upande uliobaki mzima ulikua ovyo ukalemea, na mkasi ukaota kutu ukining'inia ukutani.

Mildred alikuja mwezi wa sita, vita vilipokwisha kule kwao. Hakupita barabarani. Watu walikuwa bado wanaiogopa barabara, kwa hiyo alivuka mto kwa njia ya miguu, akapita katikati ya mtama, akatokea nyuma ya jikoni akiwa na mtoto wa kike mgongoni. Mumewe alichukuliwa na askari mwezi wa pili, na tangu hapo hakuonekana. Akaliona kaburi kabla hajamwona mtu yeyote. Lilikuwa bado halijaota nyasi.

Nilisikia kilio nikaenda. Opolot alikuwa ameketi chini karibu naye, ameshika mguu mdogo wa mtoto. Walikaa hivyo hadi kilio kikapungua.

"Papa, aliniulizia?" Mildred alisema.

"Kila siku."

"Alinikasirikia? Kwamba sikuja?"

Opolot alimfuta mtoto vumbi mguuni.

"Hapana. Alisema, huko kuna hatari, asije, abaki alipo alinde mtoto. Alisema hivyo mara nyingi. Muulize Mama Kizito."

Mildred akanigeukia. Mimi niliyemwosha Roselida hadi siku ya mwisho sikuwahi kumsikia akitamka neno kama hilo.

"Ndiyo, mwanangu," nikasema. "Alisema."

Kisha nikamfungua mtoto kutoka mgongoni mwake, nikaenda naye kwangu kumtafutia uji.