"In charge" ilivyonikimbiza Kolwezi mpaka Lubudi

Wakuu, habari za humu? Haya yamenikuta mi mwenyewe, siongezi chumvi. Chekeni tu, nimeshazoea.

Niko Kolwezi, huku Kongo, commune ya Manika. Kazi yangu ni mgodini, kwenye pampu za kutoa maji shimoni. Boss wetu ni Mzambia, Kiingereza tupu. Mi nimesoma kwa Kifaransa, Kiingereza changu ni cha kuokoteza.

Sasa neno "charge". Kwenye simu nalijua, kuchaji. Watu wa baruti wanaita hivyo ile wanayoshindilia kwenye tundu la mwamba. Kifaransa chetu, charge ni mzigo.

Ila kwa Wazambia kazini, ukiharibu kitu wanaku-charge: barua ya makosa. Ya pili, unaenda nyumbani, na kosa likiwa kubwa hata ya kwanza inatosha. Hiyo ndiyo niliyoiogopa.

Wiki moja pampu iliungua kwenye zamu yangu. Nilichelewa kuizima, kosa langu kabisa.

Ijumaa boss akaniita: "Monday, you are in charge. Pumps." Akanipiga bega, akaondoka.

Charge, pumps. Kwisha habari yangu!

Nyumbani nikamwambia mke wangu, Mama Grâce, kwamba kazi imeota mbawa na huenda nikafungwa.

"Tata Grâce, ulimuuliza muzuri?" Tata kwetu ni baba.

Nikamkemea. Niulize nini, na masikio ninayo!

Kesho yake nikapanda gari mpaka Lubudi kwa kaka yangu, simu nikazima. Jumatatu nzima nilikuwa napalilia mihogo, eti najificha.

Jumatano Mama Grâce akapiga kwa simu ya kaka. Anacheka, analia, sijui kipi.

"Rudia nyumbani, tata! Balikuwa banakufanya chef wa pompe! Balikungojea siku mbili!"

Kumbe "in charge" ni kuwa msimamizi! Wakuu, nilikaa chini palepale shambani.

Nilirudi mbio, lakini cheo boss alishampa Kabwe, jamaa niliyemfundisha mi mwenyewe kuwasha pampu. Iliniuma, sifichi. Kabwe mwenyewe aliona aibu kunitazama.

Na mezani kwa boss barua ilikuwa inanisubiri. Ya utoro, ya kwanza, hivyo kazi ninayo bado. Yaani nilikimbia charge isiyokuwepo, nikaikuta ya kweli.

Funzo: neno la watu usilolijua vizuri, uliza hapohapo, hata wakikucheka. Kuchekwa kunaisha jioni ileile.

Haya, na nyie neno gani la Kiingereza liliwahi kuwatoa jasho? Semeni, nisicheke peke yangu.