Kaka Elia na Vidonge Alivyoacha

Niliondoka Morogoro kwa sababu ya simu ya wifi yangu. Kaka Elia alikuwa ameacha dawa za virusi vya Ukimwi, na Jumapili angesimama kanisani kutoa shukrani ya kupona. Wenzake wanaotumia dawa hizo hizo wangemsikia, nao wangeacha.

Basi liliposimama Hedaru, abiria walishuka kununua mahindi. Mimi nilibaki kitini nikipanga maneno na kuyapangua. Nimesomea baiolojia, lakini haya ninayoyajua nimeyaona, au nimeyakariri tu?

Same nilipata gari la milimani. Kila kona nilitamani kushuka nikimbie.

Kijijini Mamba Miamba, kaka alikuwa uani akichagua mbegu za tangawizi.

"Shikamoo kaka."

"Marahaba, profesa. Wifi yako amekutuma."

"Mbona umeacha dawa?"

"Kipimo hakikuona kirusi hata kimoja. Vimekufa. Wewe usiyeamini mpaka uone, umeviona wapi?"

Nilikiri sijaviona. Kisha nikamweleza: kirusi kikiingia kwenye seli, hunakili maelekezo yake yafanane na ya seli, halafu hukata uzi wa vinasaba vya seli na kuyapachika humo. Seli ikigawanyika, huyanakili kama yake. Nyingine hulala nayo miaka, na kipimo cha damu hakiyaoni. Dawa huzuia seli mpya zisivamiwe. Haziwezi kung'oa kilichokwisha kupachikwa.

Kaka akasukuma pembeni tangawizi moja nzima kabisa.

"Hiyo ina nini?" nikauliza.

"Imetoka shamba lililooza. Ukiifukia, mvua ikija itaoza na kuambukiza zingine." Akaitazama. "Kumbe ndivyo."

"Si hivyo hasa. Ugonjwa wa tangawizi haugeuki kuwa sehemu ya..."

"We mtoto! Nimekubali, bado unabisha?"

Wifi alicheka jikoni mpaka akakohoa.

Kesho yake tuliteremka wote hadi kliniki, Same. Muuguzi alimkaripia, akampima, akamrudishia dawa. Nje kaka aliuliza, "Na Jumapili? Mchungaji anajua. Jogoo wa shukrani, wa mnada wa kanisani, nimeshamtenga."

"Sema ulichosikia mle ndani."

Njia nzima ya kurudi Morogoro sikutulia. Nilikuwa nimejifunza kwamba kuhoji ni rahisi kwa asiye na kidonge cha kumeza kila siku.

Jumapili wifi alipiga simu. Kaka alisimama, akasema hajapona, dawa ndizo zinazomweka hai. Wakati wa mnada, mwanamume mmoja alimvuta kando, akamuuliza kliniki inafunguliwa saa ngapi.